Kutafsiri "expose": yale kliniki moja ya Eastlands ilinifunza

Naandika hii kwa wenzangu wanaotafsiri, hasa mnaoanza kupata kazi za afya hapa Nairobi, manake hizo ndizo ziko nyingi siku hizi na ndizo zinaweza kuumiza mtu kabisa. Mimi natafsiri Kiingereza kwenda Kiswahili, nimejiajiri, nafanyia kazi kwa nyumba Umoja. Hii ni habari ya kitenzi kimoja tu, expose, na vile kilinifunza hii kazi kuliko kozi zote nilizosoma.

Ilianza na imeli. Mradi fulani wa utafiti wa watoto ulikuwa na fomu za ridhaa, zile mama anasomewa kabla mtoto hajaingizwa kwa utafiti, pamoja na kadi ndogo ya kubeba nyumbani. Fomu zilikuwa tayari kwa Kiswahili, mimi nilitakiwa nipitishe macho tu. Kupitisha macho hulipwa karibu nusu ya kutafsiri, hiyo mnaijua, na kodi ya nyumba ilikuwa imekaribia kwa hivyo sikubishana bei.

Kwenye Kiingereza wameandika "HIV-exposed infant". Kwa watu wa afya hilo ni jina la kawaida, ni mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi, bado haijulikani kama yeye mwenyewe anavyo au hana, na wengi hawana. Bila dawa mama anaweza kumpitishia mtoto kwa asilimia 15 hadi 45, lakini akipata dawa vizuri inashuka chini ya asilimia 5. Ndio maana mtoto anafuatiliwa, anatolewa matone ya damu kwa kisigino akiwa na wiki 6, tena miezi 6, tena miezi 12, halafu kipimo cha kawaida cha kingamwili, zile kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, miezi 18, manake kabla ya hapo kingamwili za mama bado zinaweza kuwa ndani ya damu ya mtoto na kipimo hicho kikadanganya. Sasa jina hilo lote, na matumaini yote yaliyo ndani yake, Kiswahili cha ile fomu kilisema hivi: "mtoto mchanga aliyefichuliwa VVU".

Nilisoma mara ya pili nikadhani labda ni kosa la kuchapa. Si kosa la kuchapa, lilikuwa limerudiwa ukurasa hadi ukurasa. Kufichua ni kutoa siri nje. Mtu amefichua wizi, polisi wamefichua ghala la magendo. Mtoto wa wiki 6 anafichuliwa vipi? Ukilisikia na masikio ya mama ni kama kuna mtu ametangaza kuwa mtoto ana virusi.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni kwamba hiyo fomu ilikuwa imepita ukaguzi. Kwa kazi za utafiti kuna kitu kinaitwa tafsiri ya kurudisha, yaani mtu wa pili anachukua Kiswahili anakirudisha kwa Kiingereza bila kuona fomu ya kwanza, halafu zile Kiingereza mbili zinalinganishwa. Wazo ni zuri na linashika makosa mengi sana. Hili haliwezi kulishika hata siku moja. Ukimpa mtu "aliyefichuliwa" atarudisha "exposed", wakilinganisha, exposed na exposed, zinafanana kabisa, wanaweka tiki wanasonga mbele. Kosa linaenda na kurudi likiwa limevaa nguo zilezile. Nikisema kazi ya ukaguzi haiishi kwa kulinganisha Kiingereza na Kiingereza ndiyo namaanisha hii, na nawaomba sana mtu akikuambia tafsiri imeshathibitishwa muulize imethibitishwa kwa masikio ya nani.

Nikaandika imeli ndefu kueleza. Jibu likaja kwamba kamati ya maadili, ile inayoidhinisha utafiti, imeshapiga muhuri, kubadilisha neno ni kurudi kwa kamati na kurudi kwa kamati ni wiki kadhaa na pesa, kwa hivyo kama sentensi inaeleweka tuiache. Kusema kweli niliogopa. Klayenti mpya, analipa, na wewe ni mtu wa invoisi moja moja huna mshahara, unaanza kujiuliza kwani mimi ni nani. Nililala na hilo jambo. Asubuhi nikapiga simu badala ya imeli, na hapa kuna funzo moja la kweli, imeli ya mabishano inasomwa na bosi, simu inapokelewa na mtu wa kazi. Niliyempata ni sista wa kliniki ya huo mradi. Nikamsomea ile sentensi. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Dadangu, njoo uwasomee kina mama wenyewe, mimi nitaongea na hao wakubwa."

Kliniki iko Eastlands, sitasema wapi. Tuliketi kwa kachumba ka ushauri na kina mama kadhaa waliokubali kusikiliza, pamoja na mama mshauri, ambaye ni mama anayeishi na virusi mwenyewe na amelea mtoto hadi akatoka salama, sasa anasaidia wenzake. Nilikuwa nimeandika namna tofauti za kusema kitu kimoja, nikawa nawasomea halafu nawauliza, hapa umesikia nini, nieleze kwa maneno yako. Hilo swali ni muhimu. Usiulize "umeelewa?" manake Mkenya akiulizwa na mtu ameshika karatasi kama ameelewa atasema ndiyo.

Nilianza na ile ya fomu. Mmoja akauliza, "Sasa ni nani amemfichua?" Mwingine, msichana mdogo hivi, mtoto amemfunga mgongoni, akamgeukia sista akamwambia, "Kwani mlishapima na hamjaniambia?" na machozi yakaanza kutoka hapo hapo. Ikabidi tusimame kabisa. Sista akamchukua faili yake akamwonyesha kwamba matokeo bado hayajatoka, hakuna kilichofichwa. Mimi nilikaa na karatasi zangu mkononi nikiwaza juu ya akina mama ambao wangesomewa hiyo sentensi na mtu mwenye haraka, kwenye chumba hakuna sista kama huyo.

Tukaendelea. "Aliyeathiriwa na VVU", wote wakasema maana yake anavyo. Na ni kweli, hapa kwetu watu wamezoea kusikia kuathiriwa kama namna ya heshima ya kusema mtu anaugua. "Aliye katika hatari ya VVU" ilimkasirisha mmoja, akaniambia, "Hatari gani na mimi nameza dawa kila siku saa tatu usiku sijawahi ruka?" Ana haki. Yeye amefanya kila kitu alichoambiwa, sasa karatasi inamwita hatari kwa mtoto wake. "Aliyewekwa wazi kwa VVU" haikueleweka na yeyote, walitazamana tu, na bado kuna programu za kutafsiri zinazoweza kukutolea hiyo. Mwishowe nikasoma, "mtoto aliyezaliwa na mama anayeishi na virusi." Hapo vichwa vikaanza kutikisika, eeh, hiyo ni sisi, na mtoto hajasemwa chochote kibaya.

Nikadhani tumemaliza. Mama mshauri akaniuliza, "Na hiyo itaandikwa kwa ile kadi pia?" Nikamwambia ndiyo, ni lazima neno lifanane kila mahali. Akasema, "Mami, hiyo kadi inaenda nyumbani. Nyumba ni chumba kimoja. Mama mkwe akija kutoka ushago anaisoma kabla ya chai kuchemka."

Hebu fikiria. Nimemwondolea mtoto sentensi mbaya halafu nimeenda kumwanika mama. Ile sentensi iliyo wazi na ya kweli ndiyo inayotoa siri ya mama mwenyewe, na kwa wengine waliokuwa pale mume alikuwa hajaambiwa bado. Hili si jambo la adabu tu, Kenya kuna sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU na Ukimwi, inayokataza kutoa habari za hali ya mtu ovyo. Na sheria hiyo hiyo ilikuwa na kifungu cha 24 kilichomlazimisha mwenye virusi kumjulisha yule aliyekutana naye kimwili, na Mahakama Kuu hapa Nairobi ikakitupa mwaka 2015 kwa sababu maneno yake hayakuwa yamefafanuliwa, mtu hangeweza kujua ni nani hasa anapaswa kuambiwa. Kifungu kizima cha sheria kilianguka kwa sababu maneno yake yalikuwa na ukungu. Wale wanaosema sisi wa tafsiri tunasumbuana juu ya vineno wakumbuke hilo.

Tulichofanya ni kutenganisha. Fomu inayosomwa chumbani, mlango umefungwa, ikasema wazi kwamba mtoto amezaliwa na mama anayeishi na virusi. Kadi ya kubeba ikasema "mtoto anayefuatiliwa kliniki" na tarehe za kurudi, basi. Kila mtoto Nairobi anafuatiliwa kliniki, wa chanjo, wa kilo, hakuna mama mkwe atashtuka. Hilo neno sikulitoa kwa kichwa changu, alilitoa yule msichana aliyelia.

Tuliporudi kwa wakubwa, sista alishaongea nao na nikaandika ukurasa mmoja nikieleza walichosikia kina mama, maneno yao yenyewe, bila nadharia. Kamati ikakubali. Ilichukua muda, ndiyo, na mradi ukachelewa kuanza. Pesa yangu nayo ikachelewa pamoja nao, kodi ya mwezi huo nikalipa na pesa ya kukopa.

Kutoka hapo kila nikikutana na hicho kitenzi nasimama. Na nimegundua shida haiko tu kwamba kina maana nyingi, shida ni mwelekeo. Kuna wakati kitu kimetoka ndani kikaonekana na watu. Kuna wakati mtu ameachwa nje na kitu kikamfikia. Kwa Kiingereza ni neno moja, kwa Kiswahili hizo ni njia mbili zisizokutana. Ile njia ya kwanza tuko nayo ya kutosha, tena tuna ule mwisho wa -ua unaogeuza kitendo: umefunika unafunua, umeficha unafichua, umefukia unafukua. Yote hayo yanataka kuwe na kifuniko kwanza. Ile njia ya pili haina kifuniko chochote, mtoto wa wiki 6 hakuwa amefunikwa, kwa hivyo ukimtafutia kitenzi cha -ua umeshapotea kabla ya kuanza. Kwa hiyo njia ya pili mara nyingi hakuna kitenzi kimoja, unasema kilichotokea: amegusana na, amevuta hewa yenye, amezaliwa na, amekaa kwenye, amepigwa na.

Kuna kijitabu cha mazingira nilifanya baadaye, habari ya Owino Uhuru kule Mombasa. Mnaikumbuka, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za gari, madini ya risasi yakaingia kwenye hewa na maji ya kijiji kilichopakana nacho. Phyllis Omido alikuwa amefanya kazi kwa hicho kiwanda na mtoto wake mwenyewe akapatikana na risasi kwa damu. Akaanza kupiga kelele, mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na 2020 mahakama ya mazingira ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, halafu rufaa zikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Sasa kwenye aya moja ya Kiingereza kitenzi kilikuwa pale mara mbili, watoto were exposed to risasi, na Omido exposed kiwanda. Kwa wa kwanza nikaandika watoto walikuwa wakivuta na kumeza risasi, manake ndivyo ilivyokuwa, na risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa wa pili nikaandika alifichua. Mhariri akalalamika kwamba "wakivuta na kumeza" ni kali. Nikamwambia hiyo ndiyo habari yenyewe. Alikubali, na nikaongeza "madini ya" mbele ya risasi kila mahali, manake bila hiyo msomaji anaona bunduki.

Na mfichuzi naye huachwa nje. David Munyakei, yule karani wa Benki Kuu aliyetoa siri ya Goldenberg, ile kashfa ya wizi wa pesa za umma, mapema miaka ya 90, alipoteza kazi na akafa 2006 akiwa maskini. Amefichua, halafu yeye akabaki bila kinga yoyote. Kwa Kiingereza unaweza kusema yote mawili na kitenzi kimoja, kwetu lazima uchague unamsema kwa lipi, na mimi siku hizi nikipata habari ya wafichuzi nauliza klayenti hapa tunasema alichofanya au alichofanyiwa?

Zingine ni fupi. Maandishi ya visukuku vya Turkana, yaani mifupa ya kale iliyogeuka mawe: Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu pale Nariokotome 1984, likaja kuwa lile gofu la mifupa ya mvulana la miaka kama milioni 1.5 ambalo liko hapa Nairobi. Mmomonyoko ndio uliokuwa umeutoa mfupa nje, hapo "umefukua" linakaa sawa, lakini sentensi inayofuata ikisema mfupa ukabaki exposed kwa jua na mvua, hapo si kufukua tena, mfupa unapigwa na jua. Habari za wapanda Mlima Kenya: mtu died of exposure ni amekufa kwa baridi, au baridi na mvua, nimeona kwa macho yangu mahali pameandikwa "alikufa kwa kufichuliwa", na familia yake inasoma. Filamu ya kamera: mwanga unaifikia, kwa hivyo ni kuipa mwanga, na mwanga ukizidi picha inaungua, watu wa picha wa River Road walikuwa wanasema tu "imeungua" na hakuna aliyehitaji kamusi. Benki na mikopo: ni pesa ngapi benki inaweza kupoteza, sema hivyo.

Ile ngumu kuliko zote kwangu bado ni ile ya mtaani. "Huyo hana ekspoja." Mzazi anasema mtoto aende bweni apate ekspoja. Ni njia ya pili, dunia imemfikia mtu, lakini kwa uzuri. Nimejaribu kuona dunia, kutembea, kufunguka macho, na kila moja inakosa kitu. Kwa mazungumzo naiacha ekspoja vile ilivyo kwa sababu hilo ndilo Nairobi inasema, kwa maandishi ya serikali natumia "kuona mengi". Kama una bora kuliko hiyo nitafurahi sana kuisikia.

Sasa mambo ya kazi. Usikubali kupewa orodha ya maneno peke yake, omba sentensi nzima na uulize itasomwa wapi, na nani, mlango ukiwa umefungwa au wazi. Hilo la mlango watu wa miradi hawalitarajii na ndilo linalookoa. Kama unatumia programu yenye glosari, yaani orodha ya maneno na tafsiri zake, usiingize expose mara moja tu, iingize kwa kila maana na mfano wake, manake ukiweka moja programu italisukuma kila ukurasa, na ukilibadilisha klayenti atakuambia maneno yako hayafanani. Kufanana kwa neno si kufanana kwa maana, waambie hivyo kwa upole lakini waambie. Na kwa mambo ya mahakama, afya na ufisadi, kama hujui hicho kitendo kilifanyika vipi hasa, piga simu uulize kabla ya kuandika.

Kikao cha kusoma na wahusika kiandike kwenye bei tangu mwanzo, kwa mstari wake peke yake. Weka nauli ya kila mtu anayekuja kukusikiliza, weka chai, na weka muda wako, kwa sababu ukiacha hiyo "tutaangalia baadaye" utaitoa mfukoni mwako kama mimi. Mimi natoza kwa neno kwa kutafsiri na kwa saa kwa kikao. Kumbukeni pia miradi mikubwa itakukata kodi ya asilimia 5 ya malipo yako kabla ya kukulipa, kwa hivyo hakikisha PIN yako ya KRA, mamlaka ya kodi, iko sawa na udai cheti cha hayo makato, kinaonekana kwa iTax, mtandao wao, usikubali kuambiwa kitakuja.

Wengine wananiuliza kama klayenti hukubali kulipia hicho kikao. Wengi hukataa mara ya kwanza. Huwa sibishani nao, nawatumia tu ile sentensi ya "mtoto aliyefichuliwa VVU" na swali la yule mama, kwani mlishapima na hamjaniambia, bila jina la mtu wala la kliniki, halafu nangoja. Wanaorudi na jibu la ndiyo ndio ninaofanya nao kazi za afya. Wasiorudi nawafanyia brosha za hoteli.